Sheria za Isimbwe

Mimi Cecilia ukoo huu umenituma mengi, lakini kutumwa Kintinku kumrudisha mwanamke aliyechukuliwa na upepo, hilo lilikuwa la kwanza. Na aliyenituma hakuwa mwehu. Alikuwa mdogo wangu Antipasi, mtu mwenye akili zake timamu, aliyekuja kwangu asubuhi amevaa shati la kanisani siku ya Jumatano, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

"Dada, Redempta ameondoka. Twende tukamrudishe kabla hajazoea kwao."

"Umempiga?"

"Sijawahi."

"Una mwanamke mwingine?"

"Dada, jamani!"

"Sasa ameondoka kwa lipi?"

Akaangalia miguu yake. "Ameniachia ujumbe kwa Selina wa togwa. Amesema nikiuliza, niambiwe kwamba upepo umemchukua."

Nikakaa chini. Upepo ule niliujua. Manyoni nzima iliujua. Ulikuwa upepo wa mdogo wangu mwenyewe, ameutunga kwa mdomo wake, akauwekea na sheria, na sasa umemchukulia mke.

Sisi ni Wanyaturu wa upande wa Ikungi. Baba alitulea Manyoni kwa sababu alipata kazi ya kubadilisha mataruma ya reli, na Antipasi alipokua akapata kazi ya mizani pale ushirika. Wakulima wanaleta alizeti, yeye anapima, anatamka kilo kwa sauti, mwingine anaandika. Kazi ndogo, lakini aliipenda kama padri anavyopenda misa. Alikuwa akiifuta ile mizani kwa kitambaa chake mwenyewe. Mjomba wetu alikuja siku moja na gunia lililotiwa mchanga kidogo chini, Antipasi akalimwaga lote mbele ya watu. "Mizani haina mjomba," akasema. Mjomba hakutusalimia hadi kufa kwake.

Kisha yakaja mambo ya soko huria. Ushirika ukafunga milango, popo wakahamia ghalani, na wachuuzi wakaja na malori na mizani zao wenyewe, wakazitundika kwenye matawi ya miti kama nyama ya mnadani. Hapo ndipo gunia likaanza kuugua. Nyumbani ni zito, watu wawili wanalibeba huku wanahema, likifika kwenye mizani ya mchuuzi limekonda. Antipasi, ambaye sasa hakuwa na kazi, alikuwa anasimama pembeni siku nzima anaangalia. Siku moja akamuuliza mchuuzi kwa heshima zote, "Samahani bwana, ule uzito mwingine umekwenda wapi?" Mchuuzi akacheka hadi akashika tumbo. "Mzee, hii ni soko huria."

Akaja kwangu jioni hiyo, hakula. "Dada, uzito haupotei. Ukitoka hapa lazima uwe mahali."

"Uko mfukoni mwa mchuuzi."

Jibu hilo hakulipenda. Aliliona dogo mno. Mtu akipata uchungu, mwingine anakunywa, mwingine anapigana. Mdogo wangu akatunga nchi.

Mzee Zefania ndiye aliyempa mahali pa kuitungia. Huyu alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, ya kwanza mjini, imechoka, injini yake inakohoa na kusimama kila mara. Halafu mtu mwingine akafungua mashine mpya ng'ambo ya reli, yenye kasi, na wateja wakaanza kuvuka. Mzee Zefania akaona maji yamefika shingoni. Akamchukua Antipasi, akamkalisha kwenye benchi kando ya foleni, akamwambia, "Wewe una mdomo. Nizuilie hawa watu wasione kwamba wanangoja." Mshahara ulikuwa ugali wa mchana na mafuta ya kupeleka nyumbani. Siku hizi nasikia wanaita matangazo ya biashara.

Ndipo watu wakaisikia Isimbwe kwa mara ya kwanza.

Isimbwe, kwa maelezo ya Antipasi, iko ng'ambo ya mbuga ya Bahi, unafika ukipotea vizuri. Huko ng'ombe ni ng'ombe na mtama ni mtama, hakuna mazimwi, hakuna sungura mjanja. Kitu kimoja tu ndicho tofauti: ahadi ina uzito. Sisi tunasema ahadi ni deni. Yeye akasema hapana, deni mtu analikimbia hadi Tabora, ahadi ni mzigo. Ukimwambia mtu wa Isimbwe "nitakupa mbuzi," papo hapo mbuzi anakukalia mabegani. Humwoni, lakini shingo inajua. Utatembea naye hadi siku ya kumtoa.

Na kwa kuwa uzito haupotei wala haupatikani bure, akaongeza, ule uzito unaokuelemea wewe umetoka kwa yule uliyemwahidi. Yeye anapungua. Ukiahidiwa mbuzi, unakuwa mwepesi kwa kiasi cha mbuzi.

Basi hapo foleni ikachangamka. Watu wa kwetu bwana, wape uongo wanyamaze, wape sheria wabishane hadi jua lizame. Selina, yule anayeuza togwa pale mashineni, mwanamke ambaye hata Ekaristi angeiulizia maswali, ndiye aliyeanza.

"Je, mtu akisema nitakuja kesho?"

Antipasi akafikiri. "Amejiahidi mwenyewe. Basi anajibeba mwenyewe mgongoni hadi afike."

"Ndiyo maana wageni wanachelewa!" akapiga kelele mzee mmoja, na watu wakacheka hadi injini ikazima wasijue.

"Je, watu wawili wakiahidiana vitu sawa?"

"Hakuna anayeelemewa. Hiyo siyo ahadi, hiyo ni biashara."

"Na ukimkuta mtu anakula, akakuambia karibu?"

Swali hilo lilikuwa zito. Kesho yake akaja na jibu: neno karibu ni ahadi ya chakula, kwa hiyo watu wa Isimbwe wanakula wametazama ukuta, na huko si ukosefu wa adabu. Bibi harusi wa Isimbwe anashikwa na wanawake wawili huku na huku, kwa sababu bwana harusi akianza tu kusema nitakulisha, nitakuvisha, nitakutunza, bibi miguu inaacha ardhi. Na mtawala wao, akasema, ni bubu. Walijaribu wengine, wote wakavunjika viuno.

Kila jambo alilipima hivyo. Mtu akiuliza, hajibu ovyo. Analipeleka nyumbani, analala nalo, analirudisha limekaa sawa na mengine. Akikuta sheria mbili zinagombana anahangaika kama ana jino. Nikamkuta siku moja jikoni kwangu anazungumza peke yake: "Mvua je? Aliyeahidi mvua?" Nikamwambia mbona kwako kunavuja, ahidi hiyo. Hakunisikia.

Sasa nimwingize Redempta.

Redempta ni binti wa Mzee Laurenti wa Kintinku, Mgogo, mpole wa kauli na mkali wa macho. Antipasi alimwoa wakati ushirika bado uko hai, na mbele ya baba yake alitamka kwa sauti ile ile ya kutamka kilo: "Nitamjengea nyumba ya bati." Nilikuwepo. Nilishangilia mwenyewe.

Alimweka kwenye tembe la marehemu baba, tembe ambalo paa lake la udongo lilikuwa limeanza kuota majani. Mwaka wa kwanza alifyatua matofali. Akayapanga vizuri, akayafunika kwa nyasi, bado kuyachoma. Lakini kuchoma kunataka mtu akae kwenye tanuru, na Antipasi alikuwa anaketi Isimbwe. Mvua ikaja ikayala. Mwaka uliofuata akafyatua mengine, yakaliwa tena. Redempta akawa anapanga mabeseni ndani ya nyumba kila masika, anahamisha kitanda kutoka kona hii hadi ile. Sikumsikia akigomba hata mara moja. Wanawake kisimani wakimuuliza mumeo anafanya nini siku hizi, anajibu kichwa juu, "Ndiye mwenye Isimbwe." Na wao wanampisha achote kwanza.

Mwaka ule wa kampeni za vyama vingi nchi ilimpa Antipasi jina kubwa bila yeye kuomba. Mgombea mmoja, simtaji, alipanda juu ya lori pale sokoni akaahidi barabara, zahanati, visima na kiwanda. Alipomaliza akaruka chini kwa wepesi kama mbuzi. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Loo! Huyu si wa Isimbwe!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mgombea akapunga mkono akidhani amependwa.

Kwa sifa zile foleni ikarudi kwa Mzee Zefania, na wengine wakawa wanakuja hata kama hawana alizeti. Walikuja hata watu wa Kintinku kwa treni. Hapo Antipasi akatunga sheria moja ya kuwafurahisha wateja, na ndiyo iliyomponza. Akasema: mtu yeyote akiisikiliza Isimbwe hadi mafuta yake yakatoka, na hakupinga, basi naye ni raia, sheria zinamhusu popote alipo. Watu wakapiga makofi. Raia! Bure! Hakuna hata picha ya pasipoti.

Kisha akamleta Nyasumbi.

Nyasumbi alikuwa mwanamke wa Isimbwe ambaye mumewe alikuwa na ulimi mwepesi. Alimwahidi ng'ombe, akamwahidi shamba, akamwahidi safari ya kwenda kuona ziwa. Mume akawa anatembea ameinama, pua karibu na magoti, na Nyasumbi akawa mwepesi kuliko kuku. Akawa anajifunga kwa kamba kwenye kinu ili atwange. Ulipokuja upepo wa Agosti, na nyinyi mnaujua upepo wa Manyoni, kamba ikakatika. Akaenda.

Wanawake foleni nzima wakalia. Mimi pia nililia, na nilikuwa nimekwenda pale kumdai Mzee Zefania mashudu yangu ya kuku. Selina akamshika Antipasi mkono. "Mshushe, baba. Mshushe leo, watu wakalale."

"Siwezi."

"Hadithi ni yako!"

"Hadithi ni yangu, uzito si wangu. Nikimshusha bila mumewe kutimiza, ule uzito wa kumshusha nimeutoa wapi? Nitakuwa kama wale wa mizani za kwenye miti."

Watu walimbembeleza hadi Mzee Zefania mwenyewe akaogopa kwamba foleni itakasirika na kuvuka reli. Antipasi ng'oo. Nyasumbi akabaki juu kiangazi chote, anazunguka na vumbi, watu wanapeana habari zake kama za ndugu aliyelazwa.

Redempta alikuwa hafiki mashineni. Lakini habari zilimfikia kisimani, na jioni moja nikiwa kwao, akamtengea mumewe ugali na mlenda, akauliza taratibu, "Baba, huyo Nyasumbi atashuka lini?"

"Mumewe akitimiza."

"Na mumewe atatimiza lini?"

Antipasi akamega tonge. "Hilo halimo kwenye sheria. Mumewe ana shughuli nyingi."

Mimi niliona jinsi wifi yangu alivyomtazama. Yeye hakuona, alikuwa anachovya. Juma lile lile, upepo ukivuma hadi mabati ya stesheni yanalia, Redempta akajifunga khanga, akachukua furushi lake, akapanda treni ya kwenda kwao.

Basi tukaenda Kintinku watu watatu: Antipasi, mimi kwa kuwa wazazi wetu hawapo, na Mzee Zefania kama mtu mzima wa kusema maneno. Mzee Zefania alikuwa na yake pia. Tangu mke aondoke, Antipasi alikuwa anakaa kwenye benchi kimya, na foleni ilianza kutazama ng'ambo. Tulibeba sukari, blanketi la mkwe, na dumu la mafuta ya alizeti, na Antipasi alishakata kabisa tiketi ya mkewe ya kurudi. Njiani nilimfundisha mdogo wangu maneno ya kusema. Nimekosa, nisamehe, nipeni mke wangu. Maneno matatu ambayo hata kasuku angeyaweza.

Mzee Laurenti alitupokea vizuri mno, na hilo likanitia hofu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za mvua, za ng'ombe, za reli. Nikaona ameweka viti kwa mpangilio, chake katikati, vya wazee wawili wa jirani huku na huku. Nilikuwa nimesahau kwamba Mzee Laurenti alikuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, na tangu astaafu anatafuta kesi kama mlevi anavyotafuta kibuyu. Mkewe, kwa kuwa mkwe ni mkwe, alikaa ndani nyuma ya ukuta, tunasikia tu anavyokohoa. Redempta naye alikuwa huko huko, tulisikia ungo unapeta mpunga.

"Haya," akasema Mzee Laurenti. "Mmekuja kumchukua binti yangu. Alifukuzwa?"

"Hakufukuzwa, baba," akasema Antipasi.

"Alitoroka?"

"Hapana, baba."

"Basi alifikaje hapa?"

Mzee Zefania akaingilia, "Mzee mwenzangu, mambo ya nyumbani, unajua, vijana wana maneno yao."

"Sijakuuliza wewe, mwenye mashine. Mkwe, alifikaje?"

"Alichukuliwa na upepo, baba."

Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa kama walioambiwa amekuja kwa basi.

"Nami ndivyo alivyonieleza," akasema Mzee Laurenti. "Sasa nieleze kisheria. Ulimwahidi nini mbele yangu?"

"Nyumba ya bati."

"Nyumba ya bati ina uzito gani? Wewe ndiye mtu wa mizani."

Wallahi, mdogo wangu akaanza kupiga hesabu! Nilimwona macho yanakwenda juu, anajumlisha matofali na mbao na mabati. Nikamkanyaga mguu.

"Kilo nyingi, baba."

"Na uzito haupotei?"

"Haupotei."

"Basi umetoka kwa binti yangu. Mimi nilikupa mtu mzito, nilimlea kwa ubwabwa wa Bahi. Umemwondolea uzito wa nyumba nzima, ukamwacha kwenye upepo. Ninyi mnaomba nimrudishe. Kwa sheria ipi?"

Mzee Zefania akakasirika. "Lakini mzee, ile ni hadithi! Hadithi ya kungojea mafuta!"

"Wewe umeisikiliza?" akauliza Mzee Laurenti.

"Kila siku."

"Ulipinga?"

Mzee Zefania akalisogeza dumu la mafuta karibu na mguu wake.

"Basi ni raia. Nami ni raia. Nilikuja na gunia langu, nikakaa hadi mafuta yakatoka, nikauliza maswali mawili, nikaridhika. Na binti yangu ni raia kuliko sisi sote, ameishi na sheria ndani ya nyumba. Tusipotezeane muda."

Kutoka nyuma ya ukuta mkewe akapiga kigelegele. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mzee Laurenti akainama mbele, akawa mpole kabisa. "Mkwe, mimi si mtu mbaya. Nikupe njia. Tamka hapa mbele ya wazee kwamba Isimbwe haipo. Kwamba ni maneno matupu, uliyatunga kwa ugali wa mwenye mashine. Ukitamka, hakuna sheria, hakuna upepo, hakuna kesi. Utabaki mtu na mke aliyekwenda kusalimia kwao, na mtu kama huyo anamchukua mkewe."

Nikashusha pumzi. Rahisi! Nikamtazama mdogo wangu. Anaangalia miguu yake. Nikamfinya. Nikamnong'oneza, "Sema, we mwanaume, mkeo huyo ndani!" Jasho likamtoka utosini hadi kwenye kola ya lile shati la kanisani. Nilimwona usoni kitu ambacho sikuwahi kukiona hata siku ushirika ulipofungwa, na nikamwonea huruma kweli, ingawa ningeweza pia kumzaba kofi. Alikuwa ameikatalia foleni nzima. Alimkatalia Selina. Alimkatalia mjomba.

"Haipo," akasema.

"Sauti."

"Haipo, baba. Nilitunga tu. Nipeni mke wangu."

Ungo ukanyamaza kule ndani. Redempta akatoka, makapi ya mpunga kwenye nywele, akasimama mbele ya mumewe, na wala hakuangalia baba yake.

"Haipo?"

"Redempta, twende nyumbani."

"Nakuuliza. Haipo?"

"Haipo, mke wangu."

Nilidhani atafurahi. Mimi ningefurahi. Wifi yangu akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekinga maji kwa beseni masika yote hayo," akasema. "Nikawa najiambia, mume wangu hajengi hapa, lakini anajenga mahali. Ana nchi mikononi, watu wanaingia, wanapata raha, acha mimi nilowe. Niliona kama nami nimebeba tofali langu. Sasa unakuja mbele ya baba yangu unasema haipo? Kama ipo, uliniacha kwa ajili ya nchi nzima, nami nilikuja hapa ili uikumbuke sheria yako, ujenge nyumba ndipo unifuate. Kama haipo, Antipasi, basi uliniacha bure."

Mzee Laurenti akavuta pumzi ndefu, akawa si mzee wa baraza tena, akawa baba wa mtu. "Mkwe," akasema, "ungesema ipo, ningekwambia nenda kajenge, nikakupa muda hadi mavuno. Wazee hawa ni mashahidi, tulishakubaliana jana. Nilitaka tu kujua kama maneno yako unayashika mwenyewe." Kisha akamgeukia binti yake. "Unasemaje, mama?"

"Nabaki."

Sukari walipokea, blanketi walipokea, maana adabu ni adabu. Mafuta Mzee Zefania alitaka kurudi nayo, nikamkata jicho akaliacha dumu. Hatukula. Redempta alinisindikiza hadi njia panda, akanishika mikono, akalia, nami nikalia, akasema, "Wifi, usiniache." Nikamwambia sitamwacha. Mumewe alikuwa amesimama mbele kidogo ametupa mgongo.

Stesheni ya Kintinku treni ilichelewa, kama kawaida. Mzee Zefania akaenda kutafuta chai. Upepo ulikuwa unavuma, vumbi linaingia machoni, na Antipasi akaketi kando yangu kwenye benchi la saruji, machozi yanamtiririka wazi mchana kweupe, hana habari na watu. Sijawahi kumpenda mdogo wangu kama saa ile, wala kumkasirikia kama saa ile.

"Dada," akasema baadaye, "nimekosea wapi?"

Nikajua sasa amezinduka. Nikamwekea mkono begani.

"Mume hakutimiza, mke akachukuliwa na upepo, hapo sawa," akaendelea, huku anajifuta pua. "Mume akitimiza, mke anashuka. Hapo pia sawa. Lakini huyu yuko chini tayari, ana miguu ardhini, na hataki kuja. Sasa mtu kama huyo anarudi kwa sheria ipi?"

Nikamtazama. Nikatoa mkono wangu begani mwake.

"Anarudi akitaka, Antipasi."

Akafikiri. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama alivyokuwa akifikiri maswali ya foleni, akitafuta mahali pa kulipanga lile neno kati ya mengine. Kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo si sheria, dada."

"Ndiyo maana tiketi yake umeikata bure."